Hisa A, hisa B na kodi iliyofungasha virago

Hadi Januari 2022, watu wawili waliweza kumiliki hisa za Shell zenye kura sawa na gawio sawa, lakini wasipokee pesa sawa. Mwenye hisa A alikatwa asilimia 15 ya gawio lake kuwa kodi ya zuio ya Uholanzi. Mwenye hisa B hakukatwa kodi hiyo.

Chanzo chake ni ndoa ya mwaka 2005. Kwa karibu karne nzima Shell iliendeshwa na kampuni mama mbili: Royal Dutch ya Uholanzi yenye asilimia 60, na Shell Transport and Trading ya Uingereza yenye asilimia 40. Kashfa ya mwaka 2004, ilipobainika kuwa akiba ya mafuta ilikuwa imetiwa chumvi, ilizilazimu kuungana. Kampuni mpya ilisajiliwa Uingereza, ila ikawa mlipakodi wa Uholanzi, na makao yake makuu yakawa The Hague. Wanahisa wa Uingereza wasingekubali kukatwa kodi ambayo hawakuwahi kuilipa, ndipo zikabuniwa hisa B, ambazo gawio lake lilipitia kampuni tanzu ya Uingereza.

Je, hisa B ilikuwa bora? Aprili 2020, bei ya mafuta ilipoporomoka wakati wa korona, Shell ilishusha gawio la robo mwaka kutoka senti 47 za dola hadi senti 16, mara ya kwanza kulipunguza tangu Vita Kuu ya Pili. A na B ziliumia pamoja. Daraja la hisa halikumkinga yeyote dhidi ya hatari ya biashara. Kazi yake ilikuwa kuamua serikali ipi ichukue fungu lake. Tena Mholanzi mkazi aliweza kuitoa kodi hiyo katika kodi yake ya mapato, kwa hiyo mzigo uliwaelemea zaidi wageni wasioweza kudai marejesho.

Serikali ya Mark Rutte, aliyekuwa waziri mkuu wa Uholanzi, iliona hatari ya kampuni kuhama. Ilipanga kuifuta kodi ya gawio, ikashutumiwa kwamba inawapa zawadi wawekezaji wa nje, na Oktoba 2018 ikaachana na mpango huo. Kwa Shell, kero ilizidi. Kanuni za kodi za Uholanzi ziliibana ilipotaka kununua hisa zake yenyewe, nayo ilikuwa imeahidi kuwarudishia wanahisa dola bilioni 7 baada ya kuuza visima vyake vya Permian, Marekani. Desemba 2021 zaidi ya asilimia 99 ya kura ziliunga mkono kuhamia London. Mwezi uliofuata neno Royal Dutch likaondoka kwenye jina, na A na B zikawa hisa moja.

Kwa wanahisa, uamuzi ulikuwa sahihi. Waholanzi wana haki ya kunung'unika, kwani kampuni ilikulia kwao. Lakini dai lao lilikuwa na udhaifu: mafuta yenyewe yalitoka Sumatra, Nigeria na kwingineko. Walitoza kodi mahali panapoketi bodi, na bodi huhama kwa kura ya siku moja.

Hapa Tanzania jambo hili si la mbali. Shell ilipoinunua BG Group, kampuni ya gesi ya Uingereza, mwaka 2016, iliwalipa wanahisa wa BG fedha taslimu na hisa B, na katika ununuzi huo ikapata vitalu vya gesi vya bahari kuu ya Tanzania. Mmiliki alibadilika kwa mikataba ya London, na miaka sita baadaye hata hisa zilizolipwa zikafutika jina. Gesi haikusogea. Kwa hiyo Dodoma inapojadiliana na kampuni hizi, nguvu yake iwe kwenye mrabaha na mgawo wa gesi inayochimbwa, kabla ya kufikiria kodi ya gawio. Gawio hutangazwa na bodi, na bodi yaweza kulipunguza au kulipitishia nchi nyingine. Mrabaha hudaiwa kisimani, gesi inapotoka.