Nani Aliyeuzuia Mji Mpya wa Kigamboni?

Kutoka Feri hadi ng'ambo, pantoni huchukua dakika chache. Mji Mpya wa Kigamboni ulitangazwa mwaka 2008 na mpaka leo haujavuka. Kila mradi mkubwa wa nyumba unapotajwa pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Kinondoni upande wa Bunju au Temeke upande wa Toangoma, Kigamboni hutolewa mfano, na mfano wenyewe husimuliwa hivi: serikali ilileta mji wa kisasa, wananchi wakagoma, mji ukafa. Nimeusikia kwa watumishi wa halmashauri, kwa madalali, hata kwa wapangaji wa Mbagala wasio na futi moja ya ardhi ng'ambo. Ni hadithi inayosimulika kirahisi, lakini kila kipande chake ukikishika kinabaki mkononi.

Kwanza tukumbushane. Mwaka 2008 Kigamboni haikuwa wilaya. Ilikuwa ndani ya Manispaa ya Temeke. Waziri wa Ardhi alikuwa John Chiligati. Eneo lililotangazwa kuwa la mji mpya lilikaribia hekta 6,500, likigusa kata za Kigamboni, Tungi, Vijibweni, Mjimwema na Kibada. Mpango kabambe ukachorwa na Shirika la Ardhi na Nyumba la Korea Kusini, LH. Pamoja na tangazo likaja zuio: usijenge, usiongeze chumba, usiuze, subiri. Baadaye, chini ya Waziri Anna Tibaijuka, ikaundwa KDA, wakala wa kuuendeleza mji huo. Katika awamu ya tano, chini ya William Lukuvi, KDA ikavunjwa. Sasa tuzitazame hoja zenyewe.

"Wale walikuwa wavamizi, hawana hata hati."

Hoja hii ndiyo maarufu kuliko zote. Tuanze na Kibada. Kati ya mwaka 2002 na 2006 Wizara ya Ardhi iliendesha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, na Kibada ilikuwa moja ya maeneo yaliyopimwa. Watu waliomba, wakalipa, wakapewa hati zenye mhuri wa wizara. Wino haujakauka vizuri, wizara hiyohiyo ikatangaza kwamba Kibada imo ndani ya mji mpya. Mtu aliyefuata kila hatua ya sheria, akalipa kila senti iliyotakiwa, alijikuta kwenye foleni moja na yule aliyenunua kwa karatasi ya daftari iliyosainiwa ofisi ya serikali ya mtaa. Kama hati ndiyo kinga, mbona haikumkinga mwenye nayo?

Kisha nenda kusini kidogo, Gezaulole. Jina lenyewe ni la Kizaramo: jaribu uone. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilipafanya kijiji cha ujamaa na kupeleka huko watu kutoka mjini waliohesabiwa kuwa hawana kazi, wakalime. Walipelekwa, hawakujipeleka. Ukanda ule wa pwani umejaa historia za namna hiyo, za Wazaramo waliokuwapo kabla ya Dar es Salaam kuwa jiji na za watu waliosogezwa na serikali kwa sababu moja au nyingine. Kuwaita watoto na wajukuu wao wavamizi ni kusahau nani aliendesha lori.

Na hata bila historia, sheria iko wazi. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na mali hiyo inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kukosa hati hakumfanyi mkazi kuwa mwizi.

Nikiri jambo moja hapa. Si kila aliyelalamika alikuwa mzee mwenye minazi sita. Ekari za ufukweni Kigamboni zina wenyewe, na wengi wa wenyewe hao wanaishi kwingine, wana magari ya vioo vyeusi na walijua kupiga simu kwa nani. Nao walijificha nyuma ya mgongo wa mwananchi wa kawaida. Lakini ukitumia unafiki wa tajiri kumnyima haki jirani yake maskini, umemwadhibu mtu mmoja kwa kosa la mwingine.

"Walishirikishwa. Mikutano ilifanyika, mahudhurio yapo."

Mahudhurio yapo, sikatai. Karatasi ya mahudhurio ni kitu cha ajabu sana katika serikali zetu za mitaa: unaandika jina na namba ya simu ili ionekane ulifika, halafu inasomwa kana kwamba ulikubali. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 haisemi wamiliki wa ardhi waitwe kusikiliza hotuba. Inataka washiriki katika kuandaa mpango. Mkutano wa hadhara ambao waziri ameshika kipaza sauti, ramani imetundikwa mbali, na ripoti ya wataalamu imeandikwa Kiingereza, unaweza kuitwa taarifa. Ushiriki una masharti mengine: uwe na kitu cha kukataa, na kukataa kwako kubadilishe mstari kwenye mchoro.

Tena hata taarifa yenyewe ilikuwa na mlango usiojulikana. Mkazi wa mtaa amezoea ngazi zake: mwenyekiti wa mtaa, mtendaji, diwani, halmashauri. Hao anawajua kwa majina, anajua ofisi zao, anajua hata bei yao, maana ile asilimia kumi ya mwenyekiti kwenye mauziano ya kiwanja haimo katika sheria yoyote lakini kila mnunuzi wa Dar es Salaam anaifahamu. KDA ilipokuja, kazi ya kupanga na kusimamia uendelezaji wa eneo ilitoka mikononi mwa Manispaa ya Temeke. Diwani aliyechaguliwa akabaki kusikiliza malalamiko ambayo hana jibu lake. Mwenyekiti akiulizwa kibali cha kuezeka upya, anaelekeza juu, na huko juu hakuna mtu aliyepigiwa kura. Ndiyo maana ugomvi ulihamia bungeni, ambako Mbunge wa Kigamboni, marehemu Dk. Faustine Ndugulile, alibishana na serikali ya chama chake mwenyewe juu ya mradi huu. Mbunge wa chama tawala hafanyi hivyo kwa kujifurahisha.

"Fidia ni ya kisheria, wanataka nini zaidi?"

Hapa ndipo penye mzizi, na ndipo wengi wanapopapita haraka.

Kanuni za fidia za mwaka 2001 si mbaya. Zinataka thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36, hasara ya faida kwa mwenye biashara, na usafiri wa tani 12 za mizigo hadi kilomita 20. Zinasema pia fidia ikichelewa kupita miezi sita tangu ardhi itwaliwe, riba inaanza. Ukisoma hayo ukiwa ofisini utajiuliza, kweli, wanataka nini zaidi?

Soma tena: tangu ardhi itwaliwe. Kwa walio wengi Kigamboni, ardhi haikutwaliwa. Ilisimamishwa. Kati ya kutwaa na kusimamisha kuna shimo ambalo sheria haijalifukia, na watu waliishi humo kwa miaka. Bila kutwaa, ile miezi sita haianzi kuhesabiwa, riba haizaliwi, posho ya makazi haipo. Mtu anabaki na nyumba ambayo ni yake asipotaka kuifanyia chochote. Anataka kuuza nusu ya eneo amsomeshe mtoto, hapati mnunuzi anayejitambua. Anataka mkopo, benki inauliza eneo liko wapi, akisema Tungi mazungumzo yanaishia hapo. Mpangaji anaona nyufa, mwenye nyumba anaona zuio, nyufa zinaongezeka.

Halafu siku mthamini akija, anathamini anachokiona. Anakuta nyumba iliyochakaa, kwa sababu ilikatazwa kukarabatiwa. Anaikuta kwenye soko lililodorora, kwa sababu lilifungwa. Bei inayotoka ni ya soko kweli, ila ni soko lililokwisha kubanwa koo na yule atakayelipa. Fomu ya uthamini ina mstari wa miembe, wa minazi, wa choo cha nje, wa uzio wa makuti. Haina mstari wa miaka.

Sheria ya uthamini ya mwaka 2016 imeliona tatizo kwa upande mmoja: uthamini wa fidia usiolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, lazima urudiwe. Ni hatua nzuri. Lakini nayo inaanza kuhesabu mthamini akishafika. Aliyezuiwa bila kuthaminiwa haimhusu.

Linganisha na Magomeni Kota, Kinondoni. Kaya 644 ziliondolewa pale mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa ahadi kwamba zitajengewa na kurudi. Zilisubiri karibu miaka kumi, na uchungu wa kusubiri huko usipunguzwe. Ila kulikuwa na orodha. Idadi ilijulikana, majina yalijulikana, na ndiyo maana Rais John Magufuli alipokwenda pale mwaka 2016 alikuwa na ahadi mahususi ya kuifufua. Nyumba zikazinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2022. Mkazi wa Vijibweni mwenye zuio alikuwa na namba gani ya kumwonyesha rais?

"Wakorea hawakubisha, ndiyo maana wameendelea."

Hii husemwa kwa sababu LH ni ya Korea, na picha za miji yao zinavutia. Basi tuizungumze Korea. Bundang, mmoja wa miji mipya mashuhuri ya pembeni mwa Seoul, ulitangazwa mwaka 1989 na wakazi wa kwanza wakahamia mwaka 1991. Shirika la umma lilinunua ardhi, likapima, likauza. Kutoka tangazo hadi funguo ni miaka miwili. Mtu akiambiwa asijenge kwa muda wa namna hiyo anaweza kuvumilia.

Na kubisha walibisha. Bundang iko ndani ya jiji la Seongnam, na Seongnam ilianza kama mahali pa kutupia maskini walioondolewa kwenye mabanda ya Seoul. Agosti 1971 watu hao, waliopelekwa kwenye vilima visivyo na maji wala kazi na kisha kudaiwa bei ya viwanja wasiyoimudu, walifanya ghasia zilizoitikisa serikali ya Park Chung-hee mpaka ikalegeza masharti. Anayetaka kutufundisha utii kwa mfano wa Korea achague mji mwingine.

"Wabishi ndio waliowakimbiza wawekezaji."

Hoja hii inaweza kupimwa, kwa sababu palepale Kigamboni ulikuwapo mradi mwingine mkubwa ambao hakuna mkazi aliyeuzuia. Dege Eco Village, ubia wa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na Azimio Housing Estates: nyumba 7,460 zilipangwa kando ya bahari huko Rasi Dege. Ardhi ilikuwapo, fedha za wanachama wa mfuko zilikuwapo, magorofa yakaanza kunyanyuka. Mwaka 2016 ujenzi ukasimama. Haukusimamishwa na bibi mwenye minazi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alihoji mengi, likiwamo hili la ardhi kuingizwa kwenye ubia kwa Sh milioni 800 kwa ekari. Nalirudia kwa wale wanaosema wananchi walikuwa na tamaa ya bei: milioni mia nane, ekari moja, Kigamboni.

Kwa hiyo mji mpya wenye wakazi waliolalamika ulikwama, na mji mdogo usio na wakazi wa kulalamika nao ukakwama. Hata Daraja la Nyerere linaloiunganisha Kigamboni na upande wa mjini, lililofunguliwa Aprili 2016 kwa fedha za NSSF hiyohiyo na za serikali, halikuuokoa mmoja wala mwingine. Serikali ilitangaza kabla ya kuwa na fedha za kulipa watu wa kata tano. Mwekezaji mwenye akili huuliza kwanza kama ardhi imelipiwa. Akisikia bado, hahitaji kufukuzwa.

"Basi wananchi walishinda."

Hii ni ya upande wetu, tunaowatetea wakazi, nayo haina afya. KDA ilivunjwa, zuio likalegea, watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kigamboni ikawa manispaa yenye madiwani wake. Lakini tazama kilichofuata. Walioishiwa pumzi katika miaka ya zuio walikuwa wameshauza kwa bei ya hofu, kwa watu waliokuwa na uwezo wa kusubiri. Daraja likafunguka, bei zikapanda, faida ikawa ya mnunuzi. Nyumba zilizochelewa zikaanza kujengwa kwa pupa, kila mtu akiwahi kabla ya tangazo jingine, na barabara za mtaa ambazo mpango wowote ule ungezitenga zikamezwa na kuta. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wilaya ina watu zaidi ya laki tatu. Mji umekuja, ila umekuja bila mchoro.

Na deni la miaka ile halijaandikwa popote. Yule aliyeweka msingi wa vyumba vitatu Mjimwema mwaka 2008, akakatazwa kuendelea, nondo zikaota kutu juu ya nguzo, saruji akaja kuinunua upya kwa bei nyingine kabisa. Akitaka kudai tofauti ile, aanzie wapi? Mtendaji wa mtaa atamwambia jambo hilo lilikuwa la KDA. Temeke watamwambia siku hizi yeye ni wa Manispaa ya Kigamboni. Kigamboni watamwambia wao hawakuwapo. Na KDA haina tena hata mlango wa kugonga.