Shahada ya Pili: Ni Kiu au Ni Karatasi?

Mwezi wa Oktoba katika nchi ya chai, kutoka Litein hadi Mogogosiek, si mwezi kama mingine. Ndio mwezi wa bonasi. Mkulima mdogo aliyepeleka majani kituoni mwaka mzima, akalipwa kidogo kidogo kila mwezi, sasa hungojea kilichobaki baada ya kiwanda kufunga hesabu za mwezi Juni. Maduka hujaa, mafundi wa kuezeka paa hutafutwa kama dawa, nayo mijadala ya mume na mke huanza hata kabla ya pesa kuingia benki.

Nilikuwa mgeni katika nyumba moja ya aina hiyo, si mbali na Litein. Mama wa nyumba ni mwalimu wa shule ya upili. Jina lake nalihifadhi, kwani alinipokea kama ndugu. Mumewe ndiye mwangalizi wa shamba lao la chai. Tulipokwisha kunywa mursik, mzee wa nyumba akanigeukia.

"Ndugu mwandishi, wewe hebu utuamue. Bonasi tatu zimeingia katika masomo ya mwalimu. Paa la jikoni linavuja. Muulize atamaliza lini."

Mwalimu hakujibu. Aliingia chumbani akarudi na faili. Mlikuwa na risiti za karo, matokeo ya mwaka wa kwanza ambayo yote ni ya kupita, na pendekezo la utafiti lililojaa wino mwekundu wa msimamizi wake. Tarehe ya wino huo ilikuwa imepita miaka minne.

Msomaji, nyumba hii si peke yake. Zamani mtu wa Kericho au Bomet aliyetaka shahada ya pili hakuwa na budi kufunga safari ya Nairobi, Njoro au Eldoret. Leo mambo yamebadilika. Chuo Kikuu cha Kabianga, kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi, kilipata hati yake mwaka 2013. Bomet nayo ikapata chuo kishiriki chini ya Moi mwaka 2017. Walimu wengi wamesoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba bila kuacha kazi. Mlango umesogezwa karibu, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mlango kuwa karibu si sababu ya kuuingia. Ndipo nauliza leo: wewe unayetaka kujaza fomu, unaisomea nini shahada hiyo?

Nimewauliza wengi swali hili, na majibu yao aghalabu huwa manne.

Wa kwanza husema, "Nataka kupandishwa cheo." Hilo halina aibu. Hata hivyo, chunguza kwanza. Ulikuwapo wakati ambapo mwalimu aliyeongeza shahada alitarajia cheo au nyongeza ya mshahara kwa sababu ya cheti chenyewe. Utaratibu uliofuata mkataba wa Tume ya Kuwaajiri Walimu na vyama vya walimu wa 2017 hadi 2021 uliutilia mkazo utendaji kazi, usaili na nafasi zilizopo. Karatasi husaidia, lakini peke yake haimbebi mtu.

Wa pili husema, "Nataka kufundisha chuo kikuu." Huyu naye ajue kwamba mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa mwongozo uliotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, yaani ile ya tatu. Utekelezaji wake umekuwa na vuta nikuvute, ila mwelekeo unaonekana. Kwa mtu huyu shahada ya pili ni kituo cha njiani, si mwisho wa safari. Apige hesabu ya safari nzima kabla ya kupanda gari.

Wa tatu ni kijana aliyehitimu juzi, akatembeza bahasha ofisi hadi ofisi, akachoka. Husema, "Heri nirudi darasani kuliko kukaa nyumbani." Kijana wangu, nakuelewa. Lakini darasa lisiwe mahali pa kujificha mvua. Mvua ikiendelea, utatoka na shahada mbili na ajira hakuna, na mzazi atakuwa ameuza ng'ombe wa mwisho.

Wa nne husema kwa sauti ya chini, kana kwamba anaona haya, "Kuna jambo ninalotaka kulijua." Huyu ndiye adimu.

Mwaka 1976 mtaalamu wa Kiingereza, Ronald Dore, alichapisha kitabu alichokiita The Diploma Disease, maana yake ugonjwa wa vyeti. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi alizozitolea mfano. Hoja yake ni kwamba waajiri wanapochagua watu kwa vyeti, kila mtu hutafuta cheti cha juu zaidi. Vyeti vikiwa vingi, waajiri nao hupandisha kiwango, na mbio huanza upya. Mwishowe watu husoma ili wapite, si ili wajue. Miaka mingi imepita, lakini ukisimama nje ya ofisi ya usajili ya chuo chochote utadhani kitabu hicho kimeandikwa jana.

Sasa turudi kwa suala la kuridhika, maana wanafunzi wa shahada ya pili wana malalamiko mengi. Alama zimepotea. Mhadhiri hakufika Jumamosi na wewe umetoka Sotik alfajiri kwa matatu. Msimamizi amekaa na sura yako ya kwanza miezi mitano. Malalamiko haya ni ya haki, na vyuo vinapaswa kuyasikia. Uingereza, kwa mfano, tangu 2009 kuna uchunguzi wa nchi nzima ambamo wanafunzi wa shahada hizi za darasani huulizwa waziwazi walichokipata na sababu zilizowaleta.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Mwaka 1959 Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Waliwauliza ni lini waliipenda kazi yao, na ni lini waliichukia. Majibu yalishangaza. Mambo yaliyowachukiza, kama usimamizi mbaya na taratibu za ofisi, hayakuwa kinyume cha yale yaliyowafurahisha. Furaha ilitoka kwingine: katika kazi yenyewe, katika kutimiza jambo gumu, katika kuona kwamba wanakua.

Yalete hayo kwenye masomo. Chuo kikirekebisha maktaba, alama na ratiba, utaacha kunung'unika. Hata hivyo, kuacha kunung'unika siko kuridhika. Kuridhika kutatoka katika kazi yenyewe, na kazi yenyewe huanza hasa masomo ya darasani yanapokwisha.

Hapa ndipo penye shimo. Mwaka wa kwanza una wenzako, kengele, mitihani na mhadhiri anayekusukuma. Mwaka wa pili, ule wa tasnifu, huna kengele. Uko peke yako na swali lako. Aliyekuja kwa ajili ya cheo hana cha kumwamsha saa kumi usiku aandike kabla ya kwenda kazini. Cheo kiko mbali, usingizi uko karibu. Ndiyo maana mtu hufaulu masomo yote ya darasani kisha akakwama miaka minne mlangoni.

Nilimuuliza mwalimu, "Utafiti wako ulihusu nini?" Akanisomea kichwa kirefu kuhusu mambo yanayoathiri matokeo ya mitihani. Nikamuuliza alikitoa wapi. Akacheka. "Nilikitazama cha mwenzangu, nikabadilisha jina la wilaya."

"Na darasani mwako, ni kitu gani kinachokusumbua?"

Hapo uso wake ukabadilika. Alieleza kwamba kuna siku viti huwa vitupu, na si siku za mvua. Anashuku ni siku za kuchuma majani, wazazi wanapohitaji mikono. Alitaka kujua ni watoto gani wanaokosa, wa kike au wa kiume, wa wenye mashamba au wa vibarua, na kama wakirudi huwa wanafikia wenzao. Alizungumza kwa muda mrefu. Mumewe aliweka kikombe chini akasikiliza, kisha akasema polepole, "Hilo hukuwahi kuniambia."

Msomaji, hilo ndilo swali. Lilikuwa limekaa mbele yake siku zote. Na nchi hii ya chai haijawahi kukosa maswali. Taasisi ya utafiti wa chai iko papo hapo Kericho, na ile chai ya rangi ya zambarau, TRFK 306, waliyopewa wakulima mwaka 2011, ilitokana na watu waliovumilia swali moja miaka mingi.

Basi kabla ya kulipa karo, kaa na jamaa yako mezani mjiulize haya. Kwanza, cheti hiki kitafungua mlango upi hasa, na je, nimemuuliza mwenye mlango? Pili, nani atanisimamia, na waliomtangulia kwake walimaliza baada ya muda gani? Tatu, pesa zitatoka wapi nikichelewa mwaka mmoja zaidi? Bodi ya mikopo ya HELB huwakopesha hata wa shahada ya pili, lakini mkopo ni deni. Na bonasi ya magharibi ya Bonde la Ufa, wakulima wenyewe wanalalamika, mara nyingi huwa chini ya ile ya wenzao wa mashariki. Mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, kama cheo hakitakuja, je, bado nitataka kujua jibu la swali langu?

Ukijibu "la" kwa hilo la nne, usijilaumu. Huenda kozi fupi ya ufundi, au paa la jikoni, ni matumizi bora ya fedha hizo. Si kila mtu lazima avae joho mara mbili.

Ama mwalimu wangu, nilipoaga jioni walikuwa bado hawajaamua juu ya paa. Lakini faili lilikuwa wazi mezani, na mumewe ndiye aliyekuwa akimhesabia siku za kuchuma majani. Mimi sikuamua kitu, niliwaachia wenyewe.

Tukutane Jumapili ijayo.