Jenereta Pekee Haitoshi: Biashara za Otonglo na Stima Inayopotea

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu Kenya nzima. Katika Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi jenereta zilikuwapo, lakini ya baadhi ya majengo ya abiria haikuwaka, na wasafiri wakakaa gizani. Kesho yake mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akafutwa kazi. Desemba 10 mwaka huohuo, giza likarudi palepale.

Kisa hicho kinamhusu sana mfanyabiashara wa Otonglo, soko lililo kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, kupita kidogo uwanja wa ndege wa Kisumu. Muuza dawa, mwenye hoteli, mchomeleaji na msaga unga wote wanaishi kwa stima. Novemba 2024 Rais William Ruto alikiri kwamba baadhi ya sehemu za nchi hukatiwa umeme kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kwa sababu mahitaji yamepita uwezo. Saa hizo ndizo za mauzo. Mwenye uwezo hununua jenereta, akaamini kwamba shida imekwisha.

Haijaisha. Mota ya friji au ya pampu inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko inapokuwa kazini. Stima ikikatika, kisha friza, viyoyozi na pampu zikawaka kwa pamoja, jenereta ambayo ingeweza kuzibeba zote huzidiwa na kuzimika. Ndiyo maana watu wananunua mashine kubwa kupita mahitaji yao, halafu wanaiendesha ikiwa na mzigo mdogo, dizeli ikiungua bure.

Hapa ndipo mfumo wa kusimamia nishati ya jengo unapoonyesha thamani yake. Vipimo huwekwa kwenye saketi, kompyuta ndogo ikasoma kila saketi inakula kiasi gani, kisha ikatoa amri. Stima ikipotea, mfumo unazima viyoyozi na taa za mapambo, unabakiza friji ya chanjo, taa za ngazi na mitambo ya malipo, halafu unawasha pampu baadaye kwa zamu yake. Betri ya jenereta ikidhoofika, unamtumia fundi ujumbe kabla ya usiku wa maafa. Wengi huuza mifumo hii kwa ahadi ya kupunguza bili. Bili hupungua kweli, lakini kwa Kisumu faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba kazi haisimami.

Kisian, mbele kidogo ya Otonglo, kuna kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI). Katika maabara za aina hiyo sampuli hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na sampuli ya mgonjwa wa malaria ikishaharibika hakuna duka la kununua nyingine. Maabara haiwezi kungoja mlinzi aje kugundua asubuhi kwamba friza imezimika.

Sheria imefika nusu ya njia. Kanuni za usimamizi wa nishati za mwaka 2012 ziliwataka wanaotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka wafanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Hizo ni uniti 15,000 kwa mwezi. Duka la dawa la Otonglo halifiki hapo hata kwa ndoto. Tena lengo la ukaguzi huo ni kuokoa umeme. Swali la jengo litafanya nini saa ya giza liko pembeni.

Wapo wanaosema mifumo hii ni anasa ya maduka makubwa ya Nairobi. Kwa mfumo kamili, hoja yao ina uzito: vipimo, programu na fundi anayeielewa vyote vina gharama, na biashara ndogo haiwezi kuimudu. Lakini kanuni yake inaweza kufanya kazi kwa bei nafuu. Friza iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, hushika baridi kwa takriban saa 48. Iliyojaa nusu, kama saa 24. Muuza samaki anayejua hilo hahitaji kuwasha jenereta usiku kucha. Anahitaji kipimajoto chenye kengele na saketi ya friza iliyotengwa na ya taa za nje.

Kutenga saketi ni kazi rahisi ukuta ukiwa haujapigwa plasta, na ni ghali ukishapigwa. Kwa hiyo Kaunti ya Kisumu, ambayo tayari hupitisha ramani za ujenzi, iweke sharti: kila jengo jipya la biashara lionyeshe saketi zake za lazima na jinsi zitakavyopata umeme stima ikikatika. Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli (EPRA) nayo iongeze swali hilo kwenye ukaguzi wa wakubwa. Na anayejenga Otonglo mwaka huu asingoje kaunti. Amwite fundi wake wa stima kabla ya mpiga plasta.