Kabla ya kulipia mwiko, uliza ni mti gani

Mwaka jana niliuza vibao vitano vya kukatia mboga hapa Nakuru, shilingi 800 kila kimoja. Vitatu vikarudi. Mama mmoja wa Free Area aliniletea chake kikiwa na ufa katikati, kucha inaingia. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kijana wangu, kwani huu ulikuwa mti gani?"

Sikuwa na jibu. Nilijua ni mbao ngumu kwa sababu aliyeniuzia alisema hivyo. Na wacha niseme ukweli: nilijua pia bado ni mbichi. Kodi ilikuwa imefika, nikapiga msasa, nikapaka mafuta, nikauza.

Vijana wengi tulioacha chuo, na hata waliomaliza, tumeingia kwa mbao. Miiko, vibao, vigoda, trei. Mtaji si mkubwa na picha zinapendeza kwa simu. Sawa kabisa. Shida ni kwamba tunauza mng'aro, hatuuzi mti. Na wewe mnunuzi huulizi.

Miti haifanani, bana. Mutamaiyo, ule mzeituni wa porini ambao Wamaasai huuita oloirien na hutumia vijinga vyake kusafishia vibuyu vya maziwa, ni mzito na una mistari mizuri ya kahawia. Mwiko wake unaweza kumwachia mtoto. Jakaranda ni nyepesi na huchongeka kwa urahisi. Ni nzuri kwa bakuli na trei, lakini ukiikatia nyama kila siku itakwaruzika upesi. Mukima, ule uliopandwa kwenye mipaka ya mashamba huko Njoro na Bahati, unafaa kigoda. Saipresi nayo si mbao ngumu, hata ukiipaka rangi nyeusi mara tatu.

Kila mtu anataka mutamaiyo, na hukua polepole sana. Ukiangushwa na upepo shambani kwa mtu, mnunue kwake, umpe haki yake. Lakini ule unaoletwa usiku kutoka msitu wa Mau, bila karatasi, kila mtu anajua umetokaje. Serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma Februari 2018. Julai 2023 Rais Ruto, akiwa hapa kwetu Molo, akatangaza marufuku imeisha, kisha mambo yakafika kortini. Hata hivyo, tangazo lile lilihusu miti iliyopandwa na kukomaa. Hakuna aliyetupa ruhusa ya kumaliza miti ya asili.

Wachongaji wa Ukambani walishapitia hii njia. Walitegemea mpingo na muhugu mpaka ikawa shida kuipata, ndipo wengi wakageukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Sisi tuna jakaranda na mukima mlangoni. Mbona tungoje mutamaiyo uishe ndio tushtuke?

Kwako fundi mwenzangu: ngoja mbao ikauke. Mafundi wa zamani huhesabu karibu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene ikikaushwa kwa hewa tu. Ipange kivulini, weka vijiti katikati ya mbao ili hewa ipite, na upake rangi au nta kwenye ncha, kwa sababu hapo ndipo maji hutoka haraka na ufa huanzia. Kisha ipime kwa mizani kila wiki. Ikiwa uzito bado unashuka, bado ni mbichi. Najua kodi haingoji. Basi anza na miiko, ni myembamba na hukauka mapema, huku mbao nene zikingoja zamu yake.

Kwako mnunuzi: uliza maswali matatu. Ni mti gani? Umetoka wapi? Umekauka kwa muda gani? Fundi akijibu vizuri, usimlilie akupunguzie hadi bei ya plastiki. Unalipia pia ile miezi aliyongoja.

Yule mama nilimrudishia pesa zake. Nikamwekea ubao mwingine, wa mukima, nikamwambia lini niliununua na kwa shamba la nani. Kila Jumapili naupima. Wiki iliyopita uzito ulikuwa bado unashuka, kwa hivyo nikampigia simu nikamwomba angoje. Akasema atangoja.