Kabali ya Askari

Mtu akivamiwa uchochoroni usiku, mkono ukamzunguka shingo kwa nyuma hata akaishiwa nguvu, wenyeji wa miji yetu husema kapigwa roba. Wazee husema kabali. Atendaye hayo huitwa mnyang'anyi, wala hapana hakimu amwulizaye alifunzwa wapi kazi hiyo. Katika Marekani mkono huo huo, ukivaa sare ya serikali, uliandikwa kwa miaka mingi katika mafunzo ya polisi kuwa ni njia ya kumtiisha mshukiwa.

Wako watu, hata miongoni mwa wasomaji wetu, wasemao kwamba kifo cha George Floyd cha mwaka 2020 kilikuwa ukatili wa askari mmoja mwenye roho mbaya, na kwa kuwa amefungwa, basi mambo yamekwisha. Sisi hatukubali. Jambo hili lina historia.

Mwezi wa Oktoba 1976, katika mji wa Los Angeles, Adolph Lyons, kijana Mweusi wa miaka 24, alisimamishwa na polisi kwa sababu taa ya nyuma ya gari lake haikuwaka. Hakuwa na silaha. Alikabwa shingo mpaka akazimia. Alipozinduka alikuwa kifudifudi, akitema damu na mchanga, amejichafua nguo. Askari wakamwandikia karatasi ya kosa la taa, wakamwacha aende zake. Lyons akaenda mahakamani kuomba polisi wakatazwe kuwakaba watu wasiotishia maisha ya mtu. Kesi ikapanda hata mahakama ya juu kabisa ya nchi, na tarehe 20 Aprili 1983 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba hana haki ya kuomba katazo hilo, kwa kuwa hakuweza kuonyesha kwamba yeye mwenyewe atakabwa tena! Fidia aweza kudai, kuzuia hawezi. Nao walikuwa na hesabu mbele yao: watu 16 wa mji ule walikuwa wamekwisha kufa baada ya kukabwa na polisi, na 12 kati yao walikuwa wanaume Weusi.

Aliyeandika hoja ya wale wanne walioshindwa alikuwa Jaji Thurgood Marshall, jina lisilo geni Afrika Mashariki. Ndiye aliyekuwa mshauri wa wajumbe Waafrika wa Kenya katika mkutano wa katiba wa London mwaka 1960, akawaandikia rasimu ya haki za raia. Miaka 23 baadaye, katika nchi yake mwenyewe, ilimbidi kueleza upya kwamba shingo ya raia si mali ya polisi.

Msomaji atasema: basi na ipigwe marufuku. Vema, lakini marufuku ya namna gani? Polisi wa New York walikatazwa na kanuni zao kukaba shingo tangu mwaka 1993. Tarehe 17 Julai 2014, katika Staten Island, Eric Garner, baba wa miaka 43, alikamatwa akidhaniwa kuuza sigara moja moja bila kulipa kodi. Mkono ukapita shingoni. Akasema mara kumi na moja kwamba hawezi kupumua. Mganga wa serikali ya mji alithibitisha kwamba aliuawa kwa kubanwa shingo na kifua. Mwezi wa Desemba baraza la raia lililopima ushahidi likaona hapana kesi ya kumshtaki askari yule, naye akaendelea kulipwa mshahara mpaka Agosti 2019 alipofukuzwa kazi. Kanuni ya ofisini isiyo na adhabu ni karatasi tu. Ilichukua mpaka mwaka 2020, baada ya kifo cha mtu mwingine katika jimbo jingine, ndipo Bunge la jimbo la New York likatunga sheria yenye jina la Garner, ya kumfunga hata miaka 15 askari amwuaye au kumjeruhi vibaya mtu kwa kumkaba.

Wala kabali siyo hatari peke yake. Mtu aliyelazwa kifudifudi, mikono imefungwa pingu mgongoni, na uzito wa mtu mwingine u juu yake, kifua chake hakipati nafasi ya kufunguka. Hutapatapa atafute hewa, na askari akiona anatapatapa hudhani anapigana, humkandamiza zaidi. Tena pana neno la ujinga lirudiwalo sana, ati awezaye kusema aweza kupumua. Maneno machache huhitaji pumzi kidogo sana. Uhai huhitaji nyingi. Na hili halikuwa siri. Wizara ya Sheria ya Marekani ilitoa waraka mwaka 1995 kuwaonya polisi kwamba mtu akisha kufungwa pingu aondolewe kifudifudi mara moja.

Miaka 25 baada ya waraka huo, tarehe 25 Mei 2020, Floyd alilala kifudifudi mwenye pingu katika barabara ya Minneapolis, goti shingoni, kwa dakika 9 na nukta 29. Alikuwa mlinzi aliyepoteza kazi kwa ajili ya maradhi ya korona, naye alishukiwa kutoa noti bandia ya dola 20. Mmoja wa askari wageni kazini aliuliza mara mbili kama wamgeuze alale ubavu. Mkubwa akakataa. Mgeni akaendelea kushika miguu. Mahakama ilimtia hatiani yeye naye mwaka 2022.

Hapa ndipo sisi wafanyakazi tunapohusika. Hatusemi askari asimkamate mhalifu. Kazi yake ni ngumu, na wako wamjiao kwa kisu. Askari ni mfanyakazi, na ana haki ya kuwa na chama. Chama kikidai asifukuzwe bila kusikilizwa, kimetimiza wajibu. Lakini vyama vya askari katika miji mingi ya Marekani vimetumia nguvu zao kumkinga aliyekaba, na shirikisho la wafanyakazi la Minnesota lilifanya vema mwezi wa Juni 2020 kumtaka kiongozi wa chama cha askari wa Minneapolis ajiuzulu. Mwanachama aliyestahili kukingwa ni yule mgeni, kama angethubutu kumvuta mkubwa wake.

Maana aliyethubutu alionekana. Katika mji wa Buffalo, mwaka 2006, askari mwanamke Mweusi, Cariol Horne, alimwona mwenzake akimkaba mtu aliyekwisha kufungwa pingu, akaingilia. Mtu yule aliishi. Horne alishtakiwa kazini kwamba amewahatarisha askari wenziwe, akafukuzwa mwaka 2008, baada ya utumishi wa karibu miaka 20, akiwa amebakiza muda mfupi apate pensheni kamili. Pensheni hiyo alirudishiwa na hakimu mwezi wa Aprili 2021.