Maji ya Serikali ni Maji ya Nani?

Wapo wenzetu wanaoshikilia kwamba utamaduni ni ngoma, nyimbo, mavazi ya kale na hadithi za wazee, basi. Mtu akitaja bomba, lambo au daraja katika mazungumzo ya utamaduni, humtazama kama aliyepotea njia, kisha humwelekeza kwa mhandisi. Sisi tunaipinga rai hiyo. Utamaduni wa taifa ni jinsi watu wake wanavyoishi, wanavyogawana kazi na wanavyotunza kile wanachokimiliki pamoja. Kwa kipimo hicho, bomba lililokauka katikati ya kijiji ni jambo la utamaduni sawasawa na ngoma iliyopasuka. Tena ni jambo kubwa zaidi, kwani ngoma ikipasuka watu hukosa kucheza. Bomba likikauka mtoto wa kike hukosa shule.

Mifano yetu tutaitoa katika wilaya mbili za Mkoa wa Mara, yaani Tarime na Serengeti. Mto Mara, unaoanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, hupita katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ukatenganisha wilaya hizi mbili kabla ya kuelekea Ziwa Viktoria. Kaskazini ya mto ni milima ya Tarime, yenye mvua na chemchemi, ambako maji yaweza kushuka kwa mserereko bila mashine yoyote. Kusini, nchi huteremka kuelekea mbuga, mvua hupungua, na watu pamoja na mifugo yao hutegemea visima, malambo na mabwawa, kama Bwawa la Manchira linaloupatia maji mji wa Mugumu. Msafiri atokaye Musoma kwenda Tarime na Sirari huuvuka mto kwa Daraja la Kirumi. Katika nchi ya namna hii, bomba na daraja si anasa. Ni nguzo za maisha.

Mwaka 1971 Taifa letu lilianzisha mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Lengo lilikuwa tukufu: ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi apate maji safi karibu na makazi yake, umbali usiozidi mita 400. Serikali ilichimba, ikajenga, ikatandaza mabomba, ikalipa gharama. Lengo hilo halikufikiwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilikiri kwamba zaidi ya asilimia 30 ya miradi ya maji vijijini haikuwa ikifanya kazi sawasawa, na ilitaja uendeshaji na matengenezo duni kuwa miongoni mwa sababu.

Sisi watumishi wa serikali hatuna budi kuungama sehemu yetu katika kosa hilo. Tuliwapelekea wananchi maji kama mtu anavyompelekea mgonjwa chakula kitandani. Hatukuwauliza kisima kikae wapi, ingawa wazee walijua ni chemchemi ipi hukauka mwezi wa Agosti na ipi haikauki. Hatukumfundisha kijana wa kijiji kuifungua pampu na kuifunga. Tulipoondoka, tuliacha saruji, chuma na jina: maji ya serikali. Na kitu kikishaitwa cha serikali, kila mtu hukitumia na hakuna akitunzaye.

Tunakumbuka ziara yetu katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Serengeti. Pampu ya mkono ilikuwa imesimama miezi mingi. Kilichoharibika ndani yake kilikuwa kipande cha mpira kisichozidi kiganja cha mtoto. Wanawake walikuwa wakichota katika lambo, upande mmoja wao na ndoo, upande wa pili ng'ombe waliozama hadi magotini. Tulipouliza kwa nini kipande hicho hakijanunuliwa, mzee mmoja alitujibu kwa upole kwamba wanaingoja serikali. Wiki hiyohiyo kijiji kilikuwa kimechanga fahali kwa ajili ya sherehe. Hatukuicheka sherehe ile, wala hatuicheki sasa. Tulijiuliza tu: ni nani aliyewafundisha watu hawa kwamba fahali ni wao na pampu si yao? Jibu lilikuwa wazi. Tuliwafundisha sisi.

Maana kabla ya sisi kufika, watu wa nchi hiyo walijua kufanya kazi kwa pamoja. Wakurya wana desturi iitwayo risaga: jirani hukusanyika kulima au kuvuna shamba la mmoja wao, naye huwaandalia chakula na kinywaji, na kesho zamu huwa ya mwingine. Wana ritongo, baraza ambamo mambo ya jamii husemwa waziwazi mbele ya wote. Fundi gani wa ughaibuni angeweza kutuletea chombo bora kuliko hivi kwa kutunza tangi la maji? Risaga yaweza kuzibua mtaro wa barabara kabla ya masika. Ritongo laweza kusikiliza hesabu ya shilingi zilizochangwa bombani. Anayesema utamaduni ni wa jukwaani tu amezitupa mali hizi jalalani.

Kuna watakaotujibu kwamba mwananchi hulipa kodi, na kwa hiyo kila kitu ni juu ya serikali. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli, nasi hatuifichi nusu hiyo. Hakuna kijiji kiwezacho kujenga bwawa kubwa au kuweka lami kwa majembe. Kuyatoa maji Ziwa Viktoria hadi Tarime, kama ulivyokusudia mradi wa miji 28 ambao mikataba yake ilitiwa saini mwaka 2022 kwa mkopo wa India, ni kazi ya dola. Kadhalika kuilinda mito dhidi ya sumu ya viwanda na migodi. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodi wa dhahabu wa North Mara na kuingia Mto Tigithe. Katika jambo kama hilo risaga haitoshi. Panahitajika sheria na mkono wa kuisimamia. Asiitumie mtu yeyote hoja yetu ya kujitegemea ili kuisamehe serikali wajibu wake au tajiri deni lake.

Lakini nusu ya pili ya ukweli ni kwamba mradi mkubwa huuawa na vitu vidogo. Barabara ya changarawe haiharibiwi na magari peke yake. Huharibiwa na maji yasiyokuwa na pa kupita. Kalvati likijaa udongo na takataka, maji hupanda juu ya barabara, hulainisha udongo wa chini, na gari la kwanza lenye mzigo huacha shimo. Lambo nalo hujaa tope kwa sababu mifugo huingia moja kwa moja, ikaporomosha kingo, wakati ua wa miti na birika la kunyweshea nje ya ua vingeliokoa. Kazi hizi hazihitaji mkopo wa kigeni. Tangu mwaka 2019, ulipoanzishwa Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, sheria imevitambua vyombo vya jamii vya kuendesha huduma ya maji. Sheria imefungua mlango. Desturi ndiyo itakayoingia au itakayobaki nje.

Sasa tufike mahali panapouma. Katika vijiji vingi vya wilaya hizi, mchotaji maji ni mwanamke, bali mwamuzi wa mambo ya maji ni mwanamume. Yule anayejua foleni ina urefu gani alfajiri, na njia ipi ni ya hatari, ndiye asiyeulizwa. Tunaambiwa kwamba hiyo ndiyo mila. Twauliza: mila ipi isiyobadilika? Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoingia Ukuryani katika karne ya 20, wanaume waliishika wakawa walimaji, na hakuna aliyelia kwamba mila imekufa. Iweje wanaume waweze kubadilika pale penye plau, wasiweze pale penye ndoo? Mila inayomkalisha kimya mwenye ndoo haimlindi mtu yeyote isipokuwa yule anayekunywa bila kuchota. Tunataka mwanamke awemo katika kamati ya maji, na si kwa kupamba orodha. Awe mweka hazina, awe fundi, awe mwenyekiti.

Hatuwezi kumaliza bila kugusa barabara. Mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia kujengwa kwa barabara ya lami kukatiza Hifadhi ya Serengeti. Nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kila mwaka katika nyika hizo, nao ni urithi wetu kabla ya kuwa urithi wa mtu mwingine. Hatubishani na hukumu ile. Tunabishana na wale wa mbali waliolia kwa ajili ya nyumbu lakini hawajatamka neno kwa ajili ya mama mjamzito wa Natta au Mugumu anayekwama matopeni. Nje ya mipaka ya hifadhi hakuna hukumu inayokataza lami. Barabara ya kutoka Makutano kupitia Sanzate na Natta hadi Mugumu imekuwa ikijengwa kwa vipande, na miaka imepita. Nchi inayojivunia kuwahifadhi wanyama na iwafikishe hospitali kwa wakati majirani wa wanyama hao.

Walimu na vijana wa sekondari, neno hili ni lenu kwanza. Mwalimu wa hisabati, wapeleke wanafunzi wako bombani wakapime lita na dakika, kisha wahesabu ni saa ngapi za masomo zimemwagika njiani. Mwalimu wa Kiswahili, waandikishe mashairi juu ya kalvati pia, si juu ya mwezi na mahaba pekee. Nawe kijana, usione haya kushika spana kijijini kwenu. Anayefungua pampu na kuifunga ikatoa maji amehifadhi utamaduni kuliko anayeuhutubia. Nasi tunawaachia beti moja:

Bomba lako likivuja, usingoje wa mjini,
Ita wenzako pamoja, nenda nao kisimani,
Mama asikizwe hoja, akiketi barazani,
Nguvu yetu ni umoja, tangu enzi za zamani.