Viini vinane vya nini?

Wadau, hii biashara ya kuhesabu viini vya prosesa inabidi tuiongelee. Ingia duka la simu, iwe Kariakoo au Biharamulo mjini, muuzaji anakutajia viini vinane kabla hajataja bei, na kijana aliyetoka Nyantakara na hela yake ya mahindi anaamini kanunua kasi mara mbili ya simu ya viini vinne. Hajanunua.

Chanzo ni utabiri. Kwa miaka mingi prosesa ziliongezwa kasi kwa kupandisha gigahezi, mpaka joto likawashinda. Mwaka 2004 Intel ikaachana na prosesa yake ya Tejas, na 2005 yenyewe na AMD wakaanza kuuza za viini viwili kwa kompyuta za kawaida. Wataalamu wakapiga hesabu. Desemba 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliandika kwamba tulenge maelfu ya viini kwenye chipu moja. Kweli, ukianza na viwili 2005 ukazidisha mara mbili kila miaka miwili, 2025 unafika 2,048. Viko wapi? MediaTek walileta chipu ya simu ya viini vinane mwaka 2013, na hadi leo simu nyingi ziko hapo hapo.

Gene Amdahl alishaonya tangu 1967. Watu wa Kagera hata hawahitaji hesabu zake: mkiwa wanane kumenya ndizi mtamaliza haraka, lakini sufuria ikishainjikwa itachemka kwa muda wake, hata mjipange wote wanane kuizunguka. Kama robo ya kazi haigawanyiki, viini elfu moja havikupi hata kasi ya mara nne. Na programu nyingi za simu ni sufuria. Ndiyo maana iPhone 6 ya 2014, yenye viini viwili tu, iliziacha simu nyingi za viini vinane za wakati ule.

Palipo na ndizi za kumenya tupu, viini vimeongezeka kweli. AMD mwaka 2024 walitoa prosesa ya seva yenye viini 192, maana seva inahudumia maelfu ya watu kwa mpigo.

Sasa hivyo vinane vya simu ya bei nafuu: mara nyingi viwili ni vikubwa na sita ni vidogo, vya kubana matumizi ya chaji. Kwa mtu anayechaji kwa sola hilo ni jambo zuri sana, ila siyo kasi, na muuzaji hasemi.

Utabiri wangu: 2035 simu ya Nyantakara haitakuwa na viini mia. Itakuwa navyo kama kumi hivi, na kasi itatoka kwenye vitengo maalumu vya kamera na akili bandia. Kwa leo, hela ikiwa ya kubana, iongeze kwenye RAM na betri. Muuzaji akianza habari za viini, muulize vingapi ni vikubwa, halafu mwangalie usoni.